Kadi Iliyoandikwa Pande Mbili

Mmeniaga vizuri, nawashukuru. Keki ilikuwa tamu, hotuba zilikuwa ndefu, na yule aliyesema sijawahi kumkaripia mwanafunzi alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sasa mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyojifunza kazi hii ya kusimamia tasnifu za watu. Haya, naandika. Mambo ya vyeo na mishahara yako kwenye faili la ofisi, na hayana utamu wowote. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokulia. Baba yangu alikuwa sajini wa polisi kutoka Arua, tukaishi kwenye nyumba za polisi pale Kasese, na mle ndani kila kabila la Uganda liligombana na jirani yake kwa Kiswahili. Kiingereza nimekiandikia miaka yote hii, kisinidai tena.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimekaa nyumbani nangoja matokeo na kubishana na mama kuhusu kuni. Akaja mhadhiri wa historia kutoka chuo kikuu, Mwalimu Kisembo, mtu mfupi mwenye penseli nyuma ya sikio, anatafuta kijana anayejua Lhukonzo na Kiswahili na ambaye mwandiko wake unasomeka. Lhukonzo nilikuwa nimekiokota kwa watoto wenzangu. Baba akanisukuma mbele kama mtu anayetoa mbuzi msumbufu.

Siku ya kwanza tulikwenda Bwera kwa bibi mmoja aliyewahi kubeba chumvi kichwani kutoka ziwa la Katwe. Nilikaa, nikafungua daftari, nikamtupia maswali matano kwa pumzi moja: lini, wapi, kiasi gani, na nani, kwa nini. Bibi alinitazama, akaingia ndani, hakutoka tena. Tukiwa njiani Mwalimu akaniuliza, "Zaituni, ulikuwa unamuuliza au ulikuwa unamkamata?"

Kesho yake alinionyesha. Alimkuta yule yule bibi anachambua maharage, akakaa chini, akachambua naye, kisha akamuuliza jambo moja tu: mlipokuwa safarini na chumvi, mlikuwa mnakula nini? Bibi alizungumza mpaka jua likasogea upande wa pili. Hakuulizwa mwaka hata mmoja. Pale ambapo Mwalimu alihitaji mwaka, aliuliza kama jambo lile lilikuwa kabla ya reli kufika Kasese au baada. Nawaona ninyi na hojaji zenu za kurasa kumi na mbili, na nanyamaza kwa heshima.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Penseli, kwa sababu mvua ya milimani Bwesumbu huosha wino wote ukabaki na karatasi ya buluu. Kamba ya kuifunga penseli kwenye daftari. Boksi la viatu lililojaa kadi ngumu, limefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Na sheria za kadi: kila siku uandike siku ile ile, kabla ya kulala, kadi moja, mtu mmoja, jambo moja, juu kushoto jina la aliyesema na kijiji chake. Sheria ambayo Mwalimu aliirudia mpaka nikachoka ilikuwa hii: "Nyuma ya kadi usiguse. Ukiandika nyuma, atakayesoma atadhani yote yamesemwa na mtu mmoja." Nilimwona mzee wa kupenda kuamrisha. Niliitikia ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu.

Miaka michache baadaye mimi mwenyewe nilikuwa chuo kikuu, na Mwalimu Kisembo ndiye aliyekuwa msimamizi wa tasnifu yangu. Niliandika juu ya wabeba chumvi, kutoka ziwani mpaka mpakani na kuvuka ng'ambo, Kongo. Wakati huo tulikuwa chini ya serikali ya wanajeshi. Madukani rafu zilikuwa tupu, sabuni ilitafutwa kama dawa, na kahawa ya milimani ilikuwa inavuka mto usiku kwenda Kongo ambako ilikuwa na soko. Hiyo iliitwa magendo, na mtu aliyekamatwa na magendo familia yake haikuuliza atarudi lini. Mimi nilijiona sihusiki. Mimi na chumvi ya zamani, kahawa ya leo inanihusu nini?

Mwalimu alinipa kadi mia moja, akasema hakuna nyingine chuoni kote. Nilishuka Kasese, nikapumzika kwa wazazi siku mbili, nikapanda Kyondo kumtafuta Mzee Baluku.

Mzee Baluku alikuwa amebeba chumvi tangu ujana, na alipenda kuandikwa. "Andika jina yangu muzuri," aliniambia. "Baluku wa Kyondo. Mimi si mutu ya kujificha." Kila nilipomaliza kadi aliichukua, akaigeuza juu chini, hajui kusoma, akairudisha ameridhika. Alinisimulia njia ya zamani, jiwe kwa jiwe, mpaka kwenye kivuko cha mto Lhubiriha. Nilijaza kadi nyingi kwa ajili yake. Nilipofika Bwera, mpakani, nilikuwa nimebakiza tisa.

Bwera nilimpata mwanamke ambaye jina lake sijaliandika popote, na hapa pia siliandiki. Nitamwita Mama wa Bwera. Alikuwa Mwislamu, muuza chumvi sokoni, na hata hapo pengine nimebadilisha kidogo, msijisumbue kumtafuta. Siku mbili alinipa habari za mama yake mzazi na misafara ya chumvi. Kadi zangu tupu zikaisha. Siku ya tatu, tumekaa uani kwake anapepeta mchele, aliacha kupepeta.

"Mutoto, hii maneno hakuna mutu nilimuambia," alisema. "Bwana yangu alikufa mu maji. Alikuwa na gunia ya kahawa mugongoni. Maji ikamubeba."

Nilimuuliza walimzika wapi.

"Tulimuzika, lakini hatukulia. Ukilia, batu batauliza alikuwa anabeba nini. Mwezi muzima niko nauza chumvi, niko nacheka na batu." Akapangusa macho kwa ukingo wa kanga. "Na miye ningali napita. Miye na mawifi yangu. Tutakula nini?"

Akanieleza kila kitu. Siku gani wanavuka, mawe yapi wanakanyaga, mikaratusi ipi inawakinga wasionekane. Hayo sikuyauliza hata moja. Alikuwa na mzigo wa maneno na mimi nilikuwa mtu wa kwanza kukaa chini na kusikiliza. Aliponishika mkono aliniambia, "Sasa iko mahali. Bwana yangu iko mahali, kwa karatasi yako."

Nikarudi kwenye nyumba niliyopanga, sheria ni kuandika siku ile ile, na kadi sina. Niligeuza kadi moja ya Mzee Baluku, nikaandika nyuma yake. Jina la Mama sikuliweka. Niliogopa, nikajiona mjanja. Niliandika tu hivi: alizama mtoni na gunia la kahawa, wenzake wanavuka bado, siku mbili kabla ya soko, kwenye mawe yaliyo chini ya mikaratusi. Nikasema nitakapopata kadi mpya nitanakili. Mnajua wenyewe jinsi hiyo "nitanakili" inavyoishia.

Nilirudi Kasese kupumzika. Baba alinikuta nimetandaza kadi sakafuni nazipanga kwa vijiji. Alisimama mlangoni na sare yake, akasoma tatu nne, akavua kofia.

"Zaituni, hii iko faili," alisema. "Jina ya mutu, kijiji, kazi yake, maneno yake. Sisi tunatafuta miezi miwili kupata faili kama hii. Wewe umetutengenezea bure. Choma."

"Baba, hii ni tasnifu."

"Basi usipite nayo ile barabara."

Nilipita nayo. Nilikuwa na miadi ya mwisho Bwera, na Mwalimu alinifundisha kwamba unapomrudia mtu uende na kadi zake umsomee, akusahihishe. Nilikuwa mwanafunzi mtiifu mno, na mtiifu mahali pasipotakiwa. Lori nililopanda lilisimamishwa kwenye kizuizi cha wanajeshi, tukaambiwa tushuke wote, mizigo chini.

"Wewe! Wewe msichana! Fungua hiyo box! Makaratasi ya nini hii?"

"Ya shule, afande."

"Shule gani inaandika majina ya watu? Nani nakutuma?"

Nilieleza. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana jasusi. Walichukua boksi, wakaniambia niende nyumbani nitaitwa. Niliwaona wakilipitisha dirishani kwa mkubwa wao, na mpira wa baiskeli ukadondoka chini. Nilitaka kuuokota, nikaogopa kuinama.

Siku tatu nilikaa nyumbani nangoja kuitwa. Siku ya nne baba alirudi kutoka kazini mapema, akakaa kitini bila kuvua viatu, jambo ambalo mama hakuwahi kumruhusu.

"Wamemleta muzee mmoja kutoka Kyondo," alisema. "Baluku. Wanasema anajua wavushaji wa kahawa. Wanasema wamesoma kwa karatasi yako."

Nilijua palepale ni kadi ipi. Mbele jina lake, alilotaka liandikwe vizuri. Nyuma mto, gunia, mikaratusi, siku mbili kabla ya soko. Mtu yeyote angesoma vile.

Baba alinipeleka mwenyewe kwenye kituo cha wanajeshi. Mkubwa wa kile kituo alikuwa mtu wa makamo, amesoma, meza yake imepangwa. Kadi zangu alikuwa amezipanga kwa vijiji, vizuri kunishinda mimi. Mzee Baluku alikuwa ameketi kwenye udongo nje ya dirisha, miguu mitupu, jeraha jipya juu ya jicho. Aliniona. Hakusema kitu.

Afande aliiweka kadi ile katikati ya meza.

"Mzee anasema hajui kahawa. Lakini hapa anasema mtu alizama. Anasema siku, anasema mawe. Sasa mwongo ni nani, yeye au karatasi?"

"Maneno ya nyuma si yake, afande."

"Aa. Vizuri." Akachukua kalamu. "Ni ya nani?"

Vijana wangu, nimesimamia tasnifu nyingi, nimekaa mbele ya watahini wakali, na sijawahi kuulizwa swali jingine gumu kama lile. Nikitaja, Mama wa Bwera atakuwa hapa kabla ya adhuhuri, yeye na mawifi zake. Nisipotaja, Mzee anabaki kwenye ule udongo. Nilisikia baba akipumua nyuma yangu.

"Ni yangu," nikasema. "Niliyatunga."

"Unatunga?"

"Mwalimu anataka habari nyingi. Nilikuwa na upungufu. Nikajaza."

Aliinama, akaisoma tena, polepole. "Mtu hawezi kutunga hivi. Mikaratusi iko. Nimeiona mimi mwenyewe."

"Hata mimi nimeiona, afande, nikipita kwa lori. Ndiyo maana nikaiweka."

Nje mtu alikuwa anachota maji, ndoo inagonga mawe. Afande alimgeukia baba.

"Sajini! Mtoto wako mwongo?"

Baba alipiga saluti. Mtu aliyenichapa kwa uongo mmoja tu nilipokuwa na miaka saba, uongo wa kijiko cha sukari. "Ndiyo, afande," alisema. "Tangu utoto."

Afande akaangua kicheko, akapiga meza. "Kumbe na nyinyi wasomi mnaiba! Mnatuambia sisi wajinga!" Alifurahi kweli, na furaha ile ndiyo iliyotuokoa. Akanisukumia karatasi mbili na kaboni katikati. "Andika. Mimi fulani, nimetunga uongo katika kazi ya chuo. Weka sahihi. Moja inabaki hapa. Moja inakwenda kwa chuo yako, wajue wanalisha nani."

Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri uleule unaosomeka. Sikuomba nakala ya pili isipelekwe chuoni. Kadi zote walizichoma kwenye pipa nyuma ya kituo, na Mzee Baluku akaachiliwa saa hiyohiyo.

Tulimsindikiza mpaka njia ya Kyondo. Alikataa maji, akakataa mkono wangu. Kabla ya kupanda alisimama. "Nilikuambia uandike jina yangu," alisema. "Sikukuambia ubandike mutu mwingine mugongoni mwangu." Nilipiga magoti pale barabarani. Baadaye alinisamehe, na akaniruhusu nimtaje popote nitakapo, hata katika hii mnayosoma. Siku ile alipanda kilima bila kugeuka.

Barua ilifika chuo kabla yangu. Mwalimu Kisembo alifunga mlango wa ofisi yake, akaiweka juu ya goti, akatoa penseli sikioni akaikamata kama mtu asiyejua aiweke wapi.

"Zaituni. Uliyatunga?"

Ofisi zile kuta zake zilikuwa nyembamba, na wahadhiri wawili walikuwa wamechukuliwa na wanajeshi muhula ule. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Akatikisa kichwa. "Nimesoma kadi zako tangu ukiwa msichana. Huwezi kutunga hata jina la mbuzi." Akakunja barua. "Lakini sitakuuliza mara ya pili, kwa sababu ukinijibu itanibidi niandike. Tasnifu hii imekwisha. Nenda nyumbani, rudi mwakani na mada nyingine na watu wengine." Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kosa la kadi lilikuwa langu lakini la kunipa kadi mia wakati ule, kunipeleka barabara ile, lilikuwa lake. Sikuwahi kumsikia mwalimu yeyote akikiri hivyo, na tangu hapo ninapomtuma mwanafunzi kijijini naulizia kwanza barabara.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu nianze.

Afande hakuniwekea siri. Mpaka wiki inaisha, Bwera nzima ilijua kwamba binti wa sajini, yule wa madaftari, alikuwa anatunga uongo juu ya watu na ameweka sahihi. Nilikwenda Bwera siku ya soko kuchukua nguo zangu kwenye nyumba niliyopanga. Nilikusudia kupita kimya. Mama wa Bwera aliniona kutoka kwenye chumvi yake, akasimama na kikombe cha kupimia mkononi.

"Weye! Kuja hapa."

Nilikwenda. Hatua tatu kutoka kwake, akichagua samaki wa kukaushwa, alikuwepo mtu mmoja ambaye soko lote lilijua anakula na wanajeshi. Mama alikuwa amempa mgongo, hakumwona. Machozi yalikuwa yameshamjaa.

"Nimesikia unasema ulitunga. Miye nilikupa kufa kwa bwana—"

"Hukunipa kitu!" nikapiga kelele. Watu wakageuka. "Mama, mimi sikujui. Sijawahi kukaa kwako. Nyinyi watu wa soko mkisikia msomi amekosea kila mtu anataka kujitia ndani. Niliyatunga! Nimetia sahihi! Unataka nini kwangu?"

Yule mtu wa samaki aliinua kichwa, akatutazama wote wawili, akacheka, akarudi kwenye samaki wake.

Mdomo wa Mama ulikuwa wazi bado kwa lile neno nililomkatiza. Niliona jinsi uso wake ulivyojifunga, taratibu. Nilimkazia macho nikitamani ayasome, nikitamani ageuze kichwa kidogo tu aone nani yuko nyuma yake. Hakugeuza. Akakaa, akaanza kumpimia mteja chumvi, na mkono wake ulikuwa unamwaga.

Niliondoka bila nguo zangu. Sikuweza kutuma mtu, mtu huulizwa. Sikuweza kuandika barua, barua husomwa. Nilingoja. Serikali ile ilipoanguka nilipanda gari la kwanza kwenda Bwera, njia nzima nikijisemea maneno nitakayomwambia. Meza yake ya chumvi ilikuwa ya mtu mwingine. Wakanieleza kwamba alivuka ng'ambo kwa dada yake mwaka uliotangulia, akaugua, akazikwa huko huko. Wifi yake alikuwepo. Nilianza kumweleza, akainua mkono. "Alikutaja," alisema. "Alisema alikuwa na mahali pamoja tu palipoandikwa bwana yake, na weye ukapafuta."

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile, na sijawahi kuyaandika haya. Leo nayaandika mahali ambapo yeye hataweza kuyasoma. Bwana yake alizama mtoni, akivuka na gunia la kahawa mgongoni, na mkewe alimzika bila kulia. Sikuyatunga. Ni kweli, Mama, kila neno.